Bibi Milembe Amesikika Tena Kasoli

Mtaa wa Somanda,
Bariadi, Simiyu.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Ansbert,

Mwangaluka, mwana wa baba. Sijui barua hii itakukuta asubuhi au jioni huko Gaborone, lakini mimi naiandika asubuhi, nimetoka misa ya kwanza, kwa hiyo pokea salamu ya asubuhi. Hamjambo nyote? Georgina anaendeleaje na mguu wake? Watoto na shule zao je? Mara ya mwisho uliniambia kifua kimekubana kwa baridi ya Julai. Natumaini kimeachia, na kwamba safari hii ulikubali kwenda hospitali bila kusukumwa na mkeo.

Sisi huku wazima. Magoti yangu yananung'unika nikiamka, yakishapata jua yananyamaza. Kustaafu kumenipenda kuliko nilivyodhani. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu Jumatatu inafika na sisikii kengele kichwani. Pamba ya Kasoli mwaka huu ilikubali, mpunga ndio ulituangusha kwa sababu mvua ilikatika wakati unatoa mashuke. Hatutalala njaa.

Bariadi yenyewe usingeitambua. Pale tulipokuwa tukichunga mbuzi wa padri sasa kuna maofisi, na vijana wa bodaboda wanapita wanapiga honi kana kwamba kila siku ni harusi. Nimepata majirani kutoka Lindi na Kagera, watumishi wa mkoa. Wanajifunza salamu zetu taratibu, wakikosea tunacheka pamoja.

Utashangaa kuletewa bahasha wakati simu ipo na juzi tu tumeongea. Nimeona habari hii isipite kwenye simu. Ile simu yangu ya zamani ilitumbukia kwenye ndoo, picha zote za msiba wa mama zikafia humo. Jambo hili nataka ulishike mkononi, uliweke kabatini, na wanao waje walisome nikiwa sipo. Ndani ya bahasha kuna flashi. Usiichomeke kwenye kompyuta kabla hujamaliza kusoma. Nakufahamu.

Ansbert, tumeshinda. Naanza na hilo ili usome ukiwa na raha. Kazi ya baba yako, baba yangu mkubwa, imekamilika.

Unakumbuka zile kanda zake. Baba Salvatory alianza kuwarekodi wazee nikiwa msichana wa sekondari. Jumamosi asubuhi alifunga redio kaseti yake kwenye baiskeli kwa mpira, akaondoka. Leo yuko Nkololo, wiki ijayo Maswa, likizo ikifika tunasikia amevuka ziwa kwenda Geita. Wazee walimtajia baba zao na babu zao, nani alizikwa wapi, ng'ombe wa mahari wa nani walitoka zizi gani. Alipofariki mwaka 2014 kanda zikabaki kwenye sanduku la mbao kule Kasoli, kwenye nyumba anayokaa Baba mdogo Charles.

Siku tunamzika uliniambia neno moja nyuma ya nyumba. Ulisema, "Dada, baba aliwapenda wazee wa watu kuliko sisi." Leo ninalo jibu, na ndiyo maana nakuandikia.

Nilipostaafu mwaka jana nilijiwekea kazi hiyo moja: kutoa sauti zile kwenye kanda kabla hazijapotea. Aliyenichokoza ni mjukuu wangu Winnie. Mwalimu wake aliwaambia waandike ukoo wao. Yeye akaandika "Bariadi". Nilicheka, kisha chakula kikanishinda.

Basi Septemba mwaka jana nikaenda Kasoli. Unajua ule ni wakati wa kung'oa mabua ya pamba na kuyachoma, ili wadudu wasihamie msimu mwingine. Nilimkuta Baba mdogo uani, ana kiberiti mkononi, na rundo la mabua limefika kiunoni. Juu ya rundo, sanduku la baba yako.

"Mwangaluka, baba," nikasema.

"Mwangaluka, mayu," akaitikia, akiniita mama kama kawaida yake. "Umekuja wakati wa moshi. Sogea huko upepo usikoelekea."

"Baba, hilo si sanduku la Baba Salvatory?"

"Ndilo. Zile mvua kubwa zilivujia pale lilipokuwa. Limeoza, lina mchwa, silitaki ndani."

"Na kanda?"

"Zimo humo. Harieth, walioongea humo wote wamekufa. Waache wapumzike."

Akawasha kijiti. Ansbert, nilifanya jambo ambalo mwalimu mstaafu hapaswi kufanya mbele za watu. Nilikunja kitenge changu, nikapanda lile rundo, nikakalia sanduku.

"Shuka, utaungua!"

"Basi niunguze, baba. Watu wakiuliza utawaeleza."

Majirani wakaanza kusogea kwenye ua. Wengine walicheka, mama mmoja akaniombea kwa sauti. Kile kijiti kikamwunguza Baba mdogo vidole, akakitupa. Alisimama akinitazama mpaka nikaanza kumhurumia. Mwisho akasema, "Chukua. Lakini sikia. Jina lile lisitamkwe uani kwangu."

Jina lenyewe walilinong'ona watu wazima tu. Mimi na wewe tulikua tukisikia kwa mbali kwamba baba zetu walikuwa na dada, Kwandu, anayemfuata Baba Salvatory kwa kuzaliwa. Alipendana na kijana wa Kiprotestanti asiye na ng'ombe hata mmoja. Guku Maige, babu yetu, akakataa katakata, kwanza kwa ajili ya dini, pili kwa ajili ya ng'ombe. Usiku mmoja wa mwaka 1958 Kwandu akaondoka na mtu wake. Guku akaapa kwamba jina hilo halitatajwa tena katika ua wake, na alipokuwa anakufa akamshika Baba mdogo Charles mkono, mwanawe wa mwisho, akamwapisha alinde neno hilo. Sisi watoto tuliambiwa tu kwamba shangazi alihamia Geita akafia huko. Tukaamini.

Nilirudi mjini na sanduku limefungwa nyuma ya bodaboda, nalikumbatia kama mgonjwa. Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Nilichomoa kanda moja, nikaitia kwenye redio yangu ya zamani. Ilitoa mkoromo, kisha redio ikaitafuna. Nilipoivuta ikatoka imekunjamana kama utumbo wa kuku. Ile ilikuwa sauti ya mzee Kasmiri, yule fundi wa ngoma. Hatutaipata tena. Sitakuficha, nilikaa sakafuni nikalia.

Ndipo nikampelekea Dastan. Yeye ana studio karibu na stendi, anarekodi kwaya za makanisa yote bila ubaguzi. Alifungua kanda moja moja kwa bisibisi ndogo. Ukungu mweupe ulikuwa umeota ndani kama unga. Akaanza kuzifuta kwa pamba na spiriti, kidogo kidogo, kisha akahamishia utepe kwenye maganda ya kanda nzima za mahubiri alizookota kwa watu. Kazi ya kwaya zake aliifanya mchana, yetu aliifanya akipata nafasi, na miezi ikapita. Baadhi ya kanda ziligoma kabisa. Nyingi zilikubali.

Mwezi wa pili mwaka huu akanipigia simu. "Mwalimu, njoo. Kuna bibi humu anacheka."

Nilifika nikihema. Dastan akanivika vile vya masikioni. Ansbert, nilimsikia Bibi Milembe. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili alipofariki, na nilidhani namkumbuka. Kumbe nilikuwa nimesahau sauti yake kabisa. Alikuwa anacheka kwa sababu baba yako alimwambia kile kidude kinanasa maneno. Akauliza, "Kikishiba kitafanyaje?" Kuku wanasikika nyuma, mtu anatwanga, na yeye anacheka mpaka anakohoa.

Kisha baba yako anamwomba ataje watoto wake. Anataja Salvatory. Anaruka, anamtaja baba yangu Masele. Anamtaja Charles, "kitinda mimba wangu anayeogopa bata." Hapo baba yako anamuuliza mama yake taratibu, "Na Kwandu, mayu?"

Kuku tu. Nilidhani kanda imekufa.

Kisha bibi anasema. Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa yeye alisema kwa Kisukuma chetu na kwa Kisukuma ndivyo utakavyomsikia. "Kwandu, mwanangu. Mimi sikukufukuza. Niliamka ukawa umekwenda, na mwenye nyumba akafunga vinywa vyetu. Kama una watoto, waambie wana bibi Kasoli. Kama u hai, njoo. Kama umekufa, nisubiri."

Na baba yako anajibu kwa sauti ya chini, karibu isisikike, "Nitamtafuta, mayu."

Hilo ndilo jibu lako, mdogo wangu. Nilirudia kusikiliza zile kanda nyingine zote zilizopona nikiwa na sikio jipya. Kila mzee akimaliza kueleza ukoo wake, iwe Maswa, iwe Geita, baba yako anauliza swali moja lile lile: "Samahani mzee, hujasikia habari za mwanamke wa Kasoli, Kwandu wa Maige?" Wanajibu hapana. Anashukuru, anazima. Miaka yote hiyo. Hakuwa anawakimbia ninyi. Alikuwa ametumwa na mama yake, na alipofika kila mlango aliona aibu kuuliza la dada yake bila kwanza kuwasikiliza wenyeji. Kwa njia hiyo akakusanya historia za ukoo wetu na za koo za watu. Ukisikiliza utamsikia mwenyewe jinsi sauti yake inavyozeeka kutoka kanda moja hadi nyingine, na swali halizeeki.

Nilimpelekea Baba mdogo sauti ile kwenye spika ndogo ya mkononi. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Sikumwambia ni nini, nikabonyeza tu.

Aliposikia kicheko cha mama yake, gunzi lilimponyoka mkononi. Alipotajwa yeye na bata wake alitabasamu, Ansbert, yule mzee wa miaka sabini na saba alitabasamu kama mtoto aliyeitwa kula. Likaja la Kwandu. Nilitaka kuzima kwa kuheshimu kiapo chake, akanizuia kwa mkono. Lilipokwisha akainuka, akaenda zizini, akasimama kati ya ng'ombe amenipa mgongo.

Alirudi macho mekundu. "Hayuko Geita," akasema.

"Nani, baba?"

"Huyo. Yuko Ipililo. Au alikuwako. Nilimwona mnadani Maswa, kaka Salvatory akiwa bado hai. Nikageuza njia."

Ipililo! Ni pale tu Maswa, ukitoka hapa asubuhi unafika kabla ya chakula cha mchana, na katika kanda zote za Maswa hakuna ya kijiji hicho. Baba yako alivuka ziwa mara ngapi kumtafuta mtu aliyekuwa nyuma ya mgongo wake?

"Kaka alikuwa anakuja hapa kunieleza safari zake za Geita," Baba mdogo akaendelea, "nami nakaa kimya. Nilikuwa nimemshika baba mkono, Harieth. Niliapa. Lakini sikujua mayu alisema haya. Kaka hakuwahi kunichezea kanda ile."

Hasira ilinipanda mpaka shingoni. Nilikuwa na maneno mengi makali, nikayatazama yale magunzi, nikamtazama yeye. Nikasema moja tu. "Kesho tunakwenda."

"Nani?"

"Mimi na wewe, baba."

Alivaa suti yake ya harusi za watu. Tulipanda basi mpaka Maswa, kutoka hapo bodaboda mbili mpaka Ipililo. Hatukuhangaika sana kuuliza. Kila mtu aliwajua watoto wa Bibi Kwandu. Tulielekezwa kwa Fredrick, mwanawe mkubwa, mkulima wa mpunga, mtu mrefu mwenye paji la uso la baba yako hasa. Nilipomwona nilijua kabla hajafungua mdomo. Nikamweleza sisi ni nani. Akatuangalia mmoja mmoja, akasema, "Mama yuko nyuma anachambua mchele. Twendeni, ila msimshtue."

Hakushtuka. Alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, ungo mapajani, miaka themanini na mitano na mikono bado myepesi. Akainua uso.

"Wewe ni Charles," akasema.

Baba mdogo akavua kofia. "Ndiyo, dada."

"Ulinikimbia mnadani. Nilikuona. Ulikuwa na fahali wa madoa, ukamvuta kamba mpaka akakulalamikia."

"Ndiyo, dada."

"Nilikuita."

"Nilisikia."

Akaendelea kupeta mchele. Hakuna aliyethubutu kukaa. Mimi nilianza kuhesabu tumerudi mikono mitupu. Kisha akasema bila kututazama, "Fredrick, wape wageni maji. Wametoka mbali." Na hapo ndipo machozi yake yalipoanza kudondoka kwenye ungo, mchele wote ukalowa, akakataa mtu asimfute.

Tulikaa mpaka jua likapinda. Alitueleza maisha yake. Kweli walianzia Geita na mumewe, wakarudi Maswa watoto wakiwa wadogo. Mumewe alitafuta ng'ombe wa mahari maisha yake yote, mmoja mmoja, akiwapeleka kwa wazee ili wafikishwe Kasoli, na mara mbili walirudishwa kutoka njiani. Amefariki bila kuitoa mahari hiyo. Nikamwambia kwamba mama yake alimwachia maneno. Akanyanyua mkono kunizuia.

"Usinichezee hapa. Maneno ya mayu nitayasikia kwenye ua wa mayu. Lakini siingii pale kama mwizi. Nilitoka usiku, nitaingia mchana. Na kinywa kilichofunga jina langu ndicho kitakachoniita, kwa sauti, watu wote wakisikia. Kisipoita, nitafia hapa hapa na hakuna ubaya."

Baba mdogo hakujibu siku ile. Wala wiki ile. Ndiyo maana sikukuambia chochote kwenye simu, mdogo wangu. Nilikuwa sijui litakwisha vipi, na sikutaka kukupa shangazi kisha nikunyang'anye. Aliomba ushauri kwa padri, akaomba kwa wazee wenzake. Niliambiwa alikuwa anakwenda kukaa kwenye kaburi la Guku Maige na kuongea peke yake. Mwezi wa sita, katikati ya kuuza pamba, akanipigia. "Mwambie aje Agosti. Nimemaliza na baba."

Sijamuuliza walimalizaje.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Kasoli haijawahi kuona gari nyingi namna ile mahali pamoja isipokuwa zile za kubeba pamba. Watu wa kwetu wote walikuja, mpaka wale wa Mwanza na Kahama. Dastan alifunga spika zake kubwa tangu alfajiri. Gari la kutoka Ipililo likasimama barabarani, mbali kidogo na ua. Shangazi hakushuka. Vioo vimefungwa. Nyuma yake Noah mbili zimejaa watoto na wajukuu, nao wametulia kama wako kanisani.

Baba mdogo akatoka nyumbani na ile suti yake. Akasimama kwenye mlango wa ua. Dastan alimpelekea kipaza sauti, akakikataa kwa mkono. Akavuta pumzi.

"Kwandu!"

Sauti ilimpasuka. Akaita tena.

"Kwandu wa Maige! Kwandu, ng'wana Milembe! Dada yangu! Karibu nyumbani!"

Ansbert, sijui nikuelezeje. Mlango wa gari ulifunguka. Akashuka mwenyewe, hakutaka kushikwa, akatembea kwenye jua lile la saa sita na kitenge chake kipya cha bluu, taratibu, kichwa juu. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakaruka zizini. Alipofika mlangoni akasimama mbele ya Baba mdogo, akamshika sikio, akalivuta kama mtoto mtundu.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa, dada."

"Haya. Nipishe nipite."

Akaingia ua wa baba yake mchana kweupe.

Tulimkalisha mbele. Dastan akafungulia. Kicheko cha Bibi Milembe kikajaa ua mzima, kikagonga kuta na kurudi, na wale waliomjua wakashika midomo. Shangazi alikaa wima. Maneno yalipofika, "Mimi sikukufukuza," akaanza kutikisa kichwa polepole. Na sauti iliposema, "Kama una watoto, waambie wana bibi Kasoli," akasimama, akaielekea ile spika kama mtu anayeelekea mtu, akajibu kwa nguvu.

"Ninao, mayu! Ninao wengi! Hawa hapa!" Akageuka, akawaita wote kwa mkono. "Njooni mumsalimie bibi yenu!"

Wakaja, Ansbert. Fredrick na mvi zake, dada zake, wajukuu, wenye vitoto mgongoni. Dastan akasimamisha kanda, wakapita mbele ya spika mmoja mmoja, wakisema majina yao. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Dastan, Mungu ambariki, alikuwa na akili ya kuwasha mashine yake na kurekodi kila kitu. Kwa hiyo humo kwenye flashi utamsikia bibi anaita, na utawasikia wajukuu zake wanaitika. Baada yao, kanda ilipoachiwa tena, utasikia sauti ya baba yako, "Nitamtafuta, mayu," na watu wote wakijibu kwa mara moja kama wamefundishwa, "Amepatikana!" Mimi pia nimo. Ni ile sauti mbaya kuliko zote.

Na ng'ombe? Fredrick alileta wawili, walionona, kwa jina la baba yake. Baba mdogo akawapokea na kuwatia zizini bila hotuba. Jioni ile Wakatoliki waliimba, Waprotestanti wakaimba, na mwisho wimbo ukawa mmoja.

Sasa mipango ya mbele. Sauti zimekaa mahali pengi ili moto mmoja au mvua moja isitumalize tena. Kila nyumba ina nakala, parokiani wamekubali kutunza moja kabatini, kanisa la kina Fredrick lina nyingine, na ya nje ya nchi ni hii uliyoshika. Maneno nayaandika taratibu kwa Kisukuma na Kiswahili ukurasa kwa ukurasa, niyachape kitabu. Winnie ananisaidia kuchora ukoo kwenye karatasi kubwa. Juzi aliishiwa nafasi upande wa Ipililo, akaunganisha karatasi nyingine kwa gundi. Mwalimu wake akimuuliza tena, darasa zima litakosa mapumziko.

Tumekubaliana pia kwamba kila Agosti, pamba ikishauzwa, tutakutana Kasoli. Mkubwa mmoja atarekodiwa na mtoto mmoja atasoma ukoo kwa sauti mbele ya watu. Wa kwanza kurekodiwa ameomba awe Baba mdogo Charles. Anataka kusema mwenyewe alichofanya, ili asisemewe.

Nina kazi moja kwako. Upande wako wa ukoo umeandikwa kwa penseli, kwa sababu watoto wako sikujua majina yao yote ya ubatizo wala walizaliwa mji gani. Wakalishe mezani, uwarekodi wakijitaja, kisha nawe ujitaje. Sema unavyomkumbuka baba yako. Sema hata yale ya hasira, ni yako. Tunataka sauti yako ikae karibu na yake.

Wanakusalimu Baba mdogo Charles, ambaye siku hizi anaongea mpaka tunamkimbia, Fredrick na nduguze wa Ipililo wanaotaka sana kukuona hilo paji la uso, Winnie, na Dastan ingawa hamjuani. Msalimie sana wifi yangu Georgina, na wanangu wote uwabusu kwa niaba yangu. Mungu aliyemfikisha shangazi yetu nyumbani mchana awafikishe nanyi salama kila mnapokwenda, awape afya, na siku moja awalete.

Nilitaka kufunga hapa, lakini Shangazi Kwandu yuko nyumbani kwangu wiki hii, tunarekodi. Amekaa mlangoni anaota jua na ameniuliza ninamwandikia nani muda wote huo. Nikamwambia, mtoto wa Salvatory. Akaniagiza niandike na neno lake. Nikauliza niandike nini.

"Mwandikie: Mimi Kwandu wa Maige nipo. Mengine aje ayasikie mwenyewe."

Nimeandika kama alivyosema.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Harieth Masele